Leza Inavyobaini Madini ya Risasi Katika Rangi za Nyumba

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mkazi wa Kimara anayekwangua rangi kuukuu ukutani ili apake mpya huona vumbi tu. Hata hivyo, vumbi hilo laweza kuwa na madini ya risasi, yaliyotumika kwa miaka mingi kukoleza rangi na kuharakisha ukaukaji wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Waathirika wakuu ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua.

Kwa kawaida maabara huyeyusha sampuli kwa tindikali kabla ya kuipima. Spektroskopia ya leza, iliyoanza kuelezwa na watafiti mwaka 1962, haihitaji hatua hiyo. Pigo la leza linalodumu nanosekunde chache hugeuza chembe ya rangi kuwa wingu dogo la gesi lenye joto la maelfu ya nyuzi. Wingu linapopoa, kila elementi hutoa mwanga wake wa pekee. Risasi hutambulika, miongoni mwa mistari mingine, kwa mstari wa urujuani wa nanomita 405.8. Njia hiyo hiyo ilitumiwa na chombo Curiosity, kilichotua Mars mwaka 2012, kuchunguza miamba kutoka umbali wa hadi mita 7.

Ugumu uko katika kupata kiasi sahihi. Mwanzoni wingu hung'aa kwa mwanga mweupe unaofunika mistari hiyo. Kwa sababu hiyo, kipokezi hucheleweshwa kwa takriban mikrosekunde moja ndipo kisome. Mapigo mawili yanayofuatana huongeza nguvu ya mwanga. Aidha, kifaa hulinganishwa na sampuli zenye kiasi kinachojulikana, za aina ileile ya rangi, kwa kuwa risasi iliyomo kwenye udongo au chuma hung'aa tofauti.

Usahihi huo una maana kubwa. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ni miligramu 90 za risasi kwa kilo ya rangi. Kifaa kikionesha 80, huku kosa lake likiwa 30, hakijathibitisha usalama. Sampuli hiyo yapaswa kupelekwa maabara.

Wananchi wanashauriwa kununua rangi yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kulowesha ukuta kabla ya kukwangua, na kuwaweka watoto mbali hadi vumbi lisafishwe kwa kitambaa chenye maji.