Kufagia msimbo kunavyowafungulia vijana mlango

GISENYI – Mchuuzi mgeni wa Petite Barrière hapewi magunia kumi kwa mali kauli siku ya kwanza. Hupewa beseni la karoti, avuke nalo hadi Goma, arudi na fedha za watu. Akirudi mara kadhaa bila mgogoro, ndipo anaaminiwa gunia.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta wanaweza kuingia kazini kwa njia hiyohiyo, kupitia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Mfano wa karibu ni OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, Kenya, kisha ikafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Mganda Daniel Kayiwa ni miongoni mwa waandishi wakuu wa msimbo wake.

Wasimamizi hutenga kazi ndogo na kuzitia alama kuwa ni za wageni. Nyingi ni za usafi: kufuta mistari isiyotumika tena, kubadili jina linalompotosha msomaji wa msimbo, kunyoosha ujumbe wa kosa usioeleweka. Mgeni hutangaza kuwa ameishika kazi fulani ili mwingine asiirudie, hunakili msimbo kupitia GitHub, hurekebisha, hujaribu, kisha hupeleka badiliko likaguliwe.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mkaguzi aliye mbali, asiyejua wewe ni mtoto wa nani, anaweza kukurudishia mistari mitatu mara nne: jaribio halipo, nafasi imezidi, umegusa faili ambalo hukuagizwa. (Wanaolalamikia forodha wangekiona cha moto.) Lakini programu hii hubeba dawa na vipimo vya watu, mstari uliofutwa kwa pupa unaweza kuficha majibu ya maabara.

Mzazi anayelipia bando atauliza: nani analipa? Kwa kazi hizi ndogo, hakuna, na kijana aambiwe hivyo mapema. Ajiwekee pia kikomo, asifagie mwaka mzima bila kuomba kazi kubwa zaidi. Anachopata ni ushahidi: kila badiliko lililokubaliwa hubaki hadharani na jina lake na tarehe, na mwajiri wa Kigali au Kampala anaweza kulisoma mwenyewe. Tangu 2007 OpenMRS imeshiriki Google Summer of Code, mpango unaolipa posho. Tangu 2022 mpango huo haumtaki mwombaji awe mwanafunzi, mradi ametimiza miaka 18. Aliyekwisha kufanya kazi ndogo huomba akiwa na cha kuonyesha.

Anahitaji kompyuta, ujuzi wa Java au JavaScript, na Kiingereza cha kusomea maelezo. Kwa waliosoma kwa Kifaransa upande wa Goma, hicho Kiingereza huenda kikawa kigumu kuliko msimbo wenyewe. Hao wanaweza kuanzia kwenye tafsiri, kwa kuwa maneno ya programu hiyo nayo hutafsiriwa na watu wa kujitolea.