Chombo cha Mchezo si Sadaka

Mwishoni mwa mwaka 2021 Taifa letu lilipewa heshima ya kuwa mwenyeji wa michuano ya Afrika ya soka ya watu waliokatwa viungo. Vijana wetu wa Tembo Warriors walicheza mjini Dar es Salaam mbele ya wananchi wenzao, wakajipatia nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Dunia, na mwaka 2022 wakafika robo fainali huko Istanbul, Uturuki. Hapa Dodoma tulishangilia sawa na ndugu zetu wa pwani. Katika mchezo huo mchezaji wa uwanjani ana mguu mmoja na magongo mawili, na mlinda mlango ana mkono mmoja. Sheria yasema kwamba mchezaji akiupiga mpira kwa gongo makusudi, ni kosa, kama vile ameushika kwa mkono. Yaani gongo limekwisha kuhesabiwa kuwa kiungo cha mwili wake.

Tunawaomba wasomaji walifikiri jambo hilo. Mwenye mguu mmoja na mikono yenye nguvu amepata chombo, naye amepata mchezo. Je, yule ambaye miguu yote miwili haimtii, na mikono nayo hutetemeka, amepata nini?

Tulipokuwa shuleni kwa wamisheni tulikuwa na mwenzetu ambaye miguu yake ilipoozwa na ugonjwa wa polio. Kila jioni tulipocheza mpira yeye alikaa chini ya mti akilinda mashati yetu na kuhesabu magoli. Alihesabu vizuri, wala hakupata kupunja upande wowote. Mwalimu alimsifu, nasi tulimsifu, na sote tukaamini kwamba tumemshirikisha. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kucheza. Twakiri kosa hilo hapa kwa kuwa lingali likitendeka katika viwanja vingi, na watendao ni watu wema, kama tulivyojiona sisi.

Katika nchi hii ya juu, toka Mpwapwa na Kongwa hata Bahi na Manyoni, adui wa kwanza wa kiti cha magurudumu ni ardhi yenyewe. Kiti cha hospitali kimetengenezwa kwa sakafu. Magurudumu yake ya mbele ni madogo mno. Yakikuta mchanga wa korongo huzama, na aliyeketi huangukia uso. Wakati wa kiangazi udongo huwa mgumu kama tofali la kuchoma, na miiba ya migunga hutoboa kila tairi lenye upepo. Wazee wa Kongwa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta huko matrekta, mengine yakiwa masalia ya vita, ili walime karanga kwa wingi usiopata kuonekana. Udongo uliyavunja majembe yao, mvua haikuwasikiliza, na mwaka 1951 mpango wote ukaachwa. Mashine nzuri iliyoletwa bila kuuliza habari za mahali itakapofanyia kazi ni mzigo tu, nasi tungali tukipokea mizigo ya namna hiyo kwa vigelegele na picha.

Hata hivyo wapo waliouliza kwanza. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, lilitengeneza kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa kubwa na limesogezwa mbali, ili kisipinduke katika njia mbaya. Baadaye likatengeneza viti vya bei nafuu vya tenisi na vya mpira wa kikapu. Kiti cha mchezo si kiti cha kawaida kilichopakwa rangi. Magurudumu yake yameinamishwa, juu yakikaribia mwili na chini yakitanuka, ili kigeuke upesi bila kuanguka. Nyuma kina kigurudumu kidogo cha kuzuia kisipinduke. Na mchezaji hufungwa kwa mikanda kiunoni na miguuni hata yeye na kiti wawe kitu kimoja. Kwa sababu hiyo hakiazimwi ovyo. Kiti kisichopimwa kwa mwili wa mwenyewe hupotosha mgongo, na kwa mtu asiyehisi maumivu huleta vidonda vya mgandamizo ambavyo vimewaua wengi kimyakimya. Mafundi wa kupima twaweza kuwapata bila kuvuka bahari: chuo cha TATCOT kilichopo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kilianza mwaka 1981, nacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Lakini twarudi kwa yule ambaye mikono yake nayo haimtii, kwa maana huyo ndiye husahauliwa hata katika mikutano iitishwayo kwa ajili ya walemavu. Upo mchezo uitwao bochia, ulioingia katika michezo ya Paralimpiki mwaka 1984. Kila upande una mipira sita, mmoja myekundu na mwingine ya buluu, na mpira mmoja mweupe hutangulia. Anayeikaribisha mipira yake zaidi kwa ule mweupe ndiye mshindi. Mpira mmoja una uzito wa gramu 275 hivi, nao haudundi sana. Asiyeweza kurusha kwa mkono huruhusiwa kurusha kwa mguu. Asiyeweza hata hilo huwekewa mfereji ulioinama, na mpira huteremka humo. Kama vidole havishiki, ausukuma kwa fimbo iliyofungwa kichwani mwake.

Sasa sikilizeni sheria moja ya mchezo huo. Mchezaji wa mfereji ana msaidizi wa kuusogeza na kuuinua. Msaidizi huyo hukaa ameupa uwanja mgongo. Haruhusiwi kugeuka kutazama, wala kumshauri. Mchezaji huonyesha kushoto, kulia, juu kidogo, na msaidizi hutii. Akishinda, ameshinda yeye. Akishindwa, hana wa kumlaumu. Mtu ambaye maisha yake yote amelishwa, amevikwa, amebebwa, na kuamuliwa hata saa ya kulala, hapo ndipo huamuru, na mzima husubiri amri yake. Twaona kwamba huo ni utu kamili, nao umetokana na bomba lililopasuliwa katikati na vipande vya mbao.

Bomba la plastiki lauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi mjini. Seremala wa Kibaigwa aweza kulipasua na kulitengenezea miguu. Fundi viatu aweza kushona mipira ya ngozi ya kufanyia mazoezi. Hata ile fremu ya kukimbilia, iliyobuniwa nchini Denmark mwaka 1991 kwa wenye mtindio wa ubongo, ni magurudumu matatu, tandiko, na kibao cha kuegemeza kifua, bila pedali. Mkimbiaji husukuma ardhi kwa nyayo zake. Katika nchi yenye mafundi baiskeli kama hii, hatuoni sababu ya kuingoja meli.

Mkenya Anne Wafula Strike, aliyepatwa na polio angali mtoto mdogo, aliiwakilisha nchi yake kwa mbio za kiti huko Athens mwaka 2004. Mbio hizo alizianza akiwa Uingereza. Kipaji kilizaliwa kwetu Afrika Mashariki, kiti kilikuwa kwingine.

Wako watakaosema: kwanza visima, kwanza zahanati. Hatuwadharau. Lakini Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, aliwashindanisha wagonjwa wake upinde na mshale huko Stoke Mandeville mwaka 1948 kwa sababu za udaktari: aliona kwamba mchezo huimarisha kifua na mikono na kumtoa mgonjwa katika kukata tamaa. Tena nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 chataja michezo waziwazi, na sheria yetu wenyewe juu ya watu wenye ulemavu ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma mwaka 2010.

Uwanja wa bochia una urefu wa mita 12.5 na upana wa mita 6. Juzi tulipima kwa hatua ukumbi wa tawi moja, ambalo jina lake hatulitaji. Watosha, na nafasi ya watazamaji yabaki. Sakafu ni ya saruji, imesawazishwa vema. Ila mlangoni pana vidato viwili, kila kimoja sentimita 15. Mteremko ufaao kwa kiti huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Kwa hiyo hapo zatakiwa mita 3 na sentimita 60. Mwashi tuliyekuwa naye alisema kifusi kipo nyuma ya ukumbi, na kwamba mifuko minne ya saruji yatosha. Katibu wa tawi ameiandika katika kitabu chake. Baada ya mvua tutakwenda tena na futi yetu.