Pima sangara kabla hujalipa

Sangara wa Mwanza, mbuta wa Kisumu na mputa wa Jinja ni samaki mmoja wa Ziwa Victoria, asiyejua mpaka. Ndiyo maana mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha shirika la pamoja la uvuvi wa ziwa hilo, lenye makao Jinja.

Kwenye mialo, wataalamu hupima urefu na uzito wa samaki walioshushwa. Baadhi hupasuliwa kichwa na kutolewa kijiwe cha sikio, ambacho miduara yake husaidia kukadiria umri. Samaki wanaoshushwa wakizidi kuwa wadogo mwaka hadi mwaka, ni dalili kwamba wanavuliwa upesi kuliko wanavyokua.

Sangara jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume. Anayevuliwa chini ya sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, huenda hajataga hata mara moja.

Kwa hiyo wewe unayevusha mzigo Sirari au Mutukula, ukinunua samaki wachanga unahatarisha mtaji mara mbili: leo mzigo unaweza kukamatwa, kesho mwaloni hakuna cha kununua. Rula ni rahisi kuliko hasara.