Usalama wa ujenzi wakati wa baridi

Usalama wa ujenzi wakati wa baridi ni hatua za kuwalinda wafanyakazi wa ujenzi katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Kanada na Urusi.

Joto la kawaida la mwili ni takriban sentigredi 37. Likishuka chini ya 35, hali hiyo huitwa haipothemia. Mgonjwa hutetemeka, huongea kwa shida na kuchanganyikiwa, hivyo mara nyingi hatambui mwenyewe kwamba yumo hatarini. Kwa sababu hiyo mafundi hushauriwa kufanya kazi wawili wawili, kuvaa nguo kavu za tabaka kadhaa na kupumzika mahali penye joto.

Barafu huondolewa kwenye majukwaa na ngazi kabla ya kazi kuanza. Jenereta hazipaswi kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Zege nalo hukomaa polepole kwenye baridi. Tarehe 27 Aprili 1978 huko Willow Island, West Virginia (Marekani), jukwaa lilianguka kutoka mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme kilichokuwa kinajengwa, na wafanyakazi 51 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba zege lililobeba jukwaa, lililomwagwa siku iliyotangulia, halikuwa na nguvu ya kutosha. Majira ya baridi yalikuwa yamekwisha, lakini usiku ulikuwa bado wa baridi. Hivyo nguvu ya zege inapaswa kupimwa kabla ya kubebeshwa mzigo.