Umefichiwa kifaa cha kukufuatilia? Simu yako inaweza kukigundua, lakini si kila aina

Umeshuka stesheni ya Tabora, ukapanda bodaboda mpaka Ng'ambo. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi kuna kidude cha duara ambacho hukukiweka wewe. Aliyekiweka anaona ulipo.

Vidude hivi, kama AirTag ya Apple iliyotoka 2021, vilitengenezwa ili mtu asipoteze funguo au mzigo. Ila mpenzi wa zamani au mtu mwenye nia mbaya anaweza kukitumia kukufuatilia.

Kinafanyaje kazi?

AirTag haina laini wala GPS. Inarusha mawimbi ya Bluetooth. Simu za Apple zinazopita karibu zinayadaka na kupeleka taarifa ya mahali ilipo kwa mwenyewe, bila wenye simu hizo kujua.

Mwaka 2024 Google nayo ilianza kuwasha mtandao wa aina hiyo kwa Android. Kwa mitaa ambayo wengi wanatumia Android, hili linatuhusu.

Programu ya kuvisaka

AirGuard ni programu ya bure ya Android kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani. Ni programu huria, yaani mtaalamu yeyote anaweza kukagua ilivyoandikwa. Inaskani kimyakimya, na ikiona kidude kilekile kimekufuata sehemu kadhaa, inakupa tahadhari.

Nini kinaboreshwa?

Kila kampuni ilikuwa na ishara zake, hivyo watengenezaji wa programu za kusaka walilazimika kuzichunguza moja moja. Mei 2023, Apple na Google walipendekeza kanuni za pamoja. Mei 2024, tahadhari zikaanza kufika kwenye iPhone zenye iOS 17.5 na Android kuanzia toleo la 6.

Hatua inayofuata iko IETF, chombo kinachoandaa viwango vya intaneti duniani. Lengo ni kwamba kidude kilicho mbali na mwenyewe kijitambulishe kwa namna moja bila kujali kampuni, kikubali kuamriwa kilie, na kieleze namna ya kukizima. Viwango hivyo ni vya wazi, kwa hiyo hata programu ndogo za huria zitaweza kuvifuata.

Usichojua kinaweza kukuponza

Vifaa vya GPS vyenye laini, kama vile vinavyofungwa kwenye bodaboda na magari, vinatumia mtandao wa simu. Skani ya Bluetooth haitaviona. Simu ikisema hakuna kitu, bado pekua begi, na kagua chini ya kiti cha pikipiki.

Ufanye nini?

• Washa Bluetooth na lokesheni. Kwenye mipangilio ya Android, ingia sehemu ya usalama na dharura, kisha tafuta tahadhari za vifaa vya ufuatiliaji visivyojulikana.

• Ukikuta AirTag, ipige picha. Kisha iguse kwa nyuma ya simu yenye NFC, utapata namba yake ya utambulisho. Inunue nani? Polisi wanaweza kuanzia hapo.

• Usikimbilie kutoa betri. Kidude kitazimika, lakini aliyekiweka anaweza kushtuka kwamba umekigundua. Kama unamhofia, nenda nacho kwanza polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto.