Kadi za Mtandao na Draiva Zake



Mafundi wenzetu wanaotengeneza kompyuta kuukuu Kyebando hukutana na kadi ya mtandao inayokataa kazi mara tu mfumo unapobadilishwa. Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Katika kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kila aina ya kadi ina draiva, yaani programu inayoipa kadi amri na kupokea data zake. Kiini kikibadilika, draiva nazo hurekebishwa, na pengine anayezirekebisha hana kadi hiyo mezani kwake. Anabadili bila kujaribu! Draiva ikionekana haina mtumiaji, hufutwa. Za Token Ring zilifutwa mwaka 2012.

Hatupingi usafi huo, maana programu iliyoachwa bila mtunzaji huficha hitilafu na kuwafungulia wezi mlango. Lakini fundi akinyamaza, huhesabiwa kwamba hayupo. Kabla hujaitupa kadi, andika toleo la kiini, namba ya kadi ya PCI inayoonyeshwa na amri ya lspci -nn, na maneno ya dmesg. Wapelekee watunzaji wa draiva hiyo. Anwani zao zimo katika faili liitwalo MAINTAINERS.