Uekstensheni na mipaka yake: Ruvuma na Rovuma

Katika falsafa ya lugha, ekstensheni ya jina ni kitu kinachotajwa kwa jina hilo. Ekstensheni ya sentensi ni ukweli au uongo wake. Muktadha huwa wa kiekstensheni iwapo jina lililomo laweza kubadilishwa kwa jina jingine la kitu kilekile, na ukweli wa sentensi usibadilike.

Tuchukue mto wa mpakani, kusini mwa mji wa Mtwara. Tanzania huuandika Ruvuma. Msumbiji, kwa tahajia ya Kireno, Rovuma. Mto ni mmoja, hivyo (1) na (2) haziwezi kutofautiana kwa ukweli:

(1) Ruvuma humwaga maji katika Bahari ya Hindi.
(2) Rovuma humwaga maji katika Bahari ya Hindi.

Sasa tuseme Asha ameliona jina la kwanza katika ramani ya Tanzania, na la pili katika taarifa za gesi asilia ya Msumbiji, akadhani ni mito miwili.

(3) Asha anaamini kwamba Ruvuma hupita mpakani mwa Tanzania.
(4) Asha anaamini kwamba Rovuma hupita mpakani mwa Tanzania.

Hapa (3) yaweza kuwa kweli na (4) uongo. Kitenzi *amini* kimezuia ubadilishaji. *Jua*, *dhani* na *tumaini* huzuia vivyo hivyo. Gottlob Frege alieleza mwaka 1892 kwamba ndani ya vishazi kama hivi jina halirejelei tena kitu chenyewe, bali namna kitu hicho kinavyofikiriwa. Nukuu nayo huzuia: neno "Ruvuma" lina *u* mbili, "Rovuma" lina moja.

Suala hili linamgusa mfasiri moja kwa moja. Ni desturi njema kuandika *Ruvuma* kila mahali katika tafsiri ya Kiswahili. Lakini shahidi akisema, "Sikujua kwamba Rovuma ndio Ruvuma," desturi hiyo itatoa: "Sikujua kwamba Ruvuma ndio Ruvuma." Mtu mwenye akili timamu ameonekana mpumbavu, na ushahidi wake umepotea.

Basi, kabla ya kusawazisha majina, tazama kishazi kilichotangulia. Panapokuwa na *kwamba* baada ya kitenzi cha kufikiri, acha jina alilotumia msemaji. Ukihitaji kutumia jina lako, litoe nje ya kishazi: "Kuhusu mto Ruvuma, Asha anaamini kwamba…" Hapo jina ni la mwandishi, na imani hubaki ya Asha.